Nusu ya Wenye Duka

Sogeeni, habari hii ina asali ndani, na asiyesogea asije akanilaumu. Mwaka huo mvua iliigomea nyika. Mito ikawa njia za kupitia, majani yakawa vumbi, na maji yakabaki mahali pamoja tu, kisimani kwa Mfalme Simba. Hapo ndipo soko lilipohamia.

Kando ya kisima kulikuwa na kibanda kimoja, na mwenye kibanda aliruhusiwa kuteka maji bila kuombaomba. Kilikuwa cha Sungura, muuza asali. Simba alimpa kwa sababu moja: mama yake mzee, Bibi Simba, alikuwa na kikohozi cha vumbi, na bila asali ya asubuhi hakupata pumzi.

Sungura alikuwa na desturi zake, na watu walimcheka. Alipopanda kurina, alichukua masega ya upande mmoja wa mzinga, mengine akayaacha. Majana, yaani watoto wa nyuki, hakuyagusa kabisa. Kisha alichota maji ya kisima, akayamwaga kwenye kigae na kutia vijiti juu yake ili nyuki wasimame wanywe bila kuzama.

"Makubwa!" akacheka Fisi siku moja. "Sisi tunakufa na kiu, yeye ananywesha wadudu! Na hiyo asali unayoiacha unamwachia nani?"

"Wenye duka," Sungura akajibu. "Mimi mchuuzi tu."

Fisi alicheka mpaka akakaa chini. Lakini tumbo la Fisi mnalijua, halicheki muda mrefu. Kesho yake naye akaingia kwenye biashara ya asali. Alitafuta kila mzinga na kila tundu la mti upande wake wa bonde, akawasha mwenge wa majani makavu, akachoma nyuki, akakomba ndani hadi gogo likabaki tupu. Asali, nta, majana, vyote chunguni! Gulio lilipofika, alikuja na vyungu vimepangwa kama harusini.

"Njooni! Kwa Fisi hakuna nusunusu!"

Wateja wote wakahamia kwake. Simba naye alipita na manyoya yake ameyachana vizuri, akaviona vyungu, akapenda. Simba hupenda chochote kikubwa kwa sababu humkumbusha nafsi yake.

"Sungura," akanguruma, "mama yangu ni mama wa mfalme. Utamletea kibuyu hadi lini, na mwenzako analeta vyungu? Kibanda apewe Fisi."

"Lakini Mfalme, bila maji ya kisima nyuki wangu watakufa."

"Nimesema."

Siku hiyo Sungura alirudi nyumbani masikio yameanguka. Alilia, sifichi. Mkewe akamwambia, "Baba, na wewe kakombe yote, tuuze, tuhame. Watoto watakunywa nini?" Sungura akatikisa kichwa. Alikwenda kuchimba mchanga wa mto mkavu mpaka kucha zikauma, akapata maji kidogo ya matope, akawagawia watoto na nyuki. Akaendelea hivyo siku hadi siku, amekonda, macho yamemtoka.

Ila masikio yale marefu yalikuwa yanasikia. Yalisikia kwamba vyungu vya Fisi vimeanza kupungua. Yakasikia tena kwamba asali yake imekuwa nyepesi, ina ladha ya maji ya ukwaju. Halafu yakasikia Bibi Simba amerudia kukohoa usiku kucha. Hapo Sungura akajifuta vumbi, akaenda kwa mfalme.

"Shikamoo, Mfalme. Nimekuja kukupa pole."

"Pole ya nini?"

"Wanasema sokoni kwamba mfalme wetu anakula asali, ila hajawahi kuona inavyorinwa. Hata Ngiri ameona! Mimi nikawaambia, mwacheni, labda anaogopa."

"Nani anaogopa?" Simba akasimama, vumbi likatimka. "Gulio lijalo mtarina mbele yangu, wewe na Fisi! Atakayeshindwa, sokoni kwangu asionekane tena."

Fisi aliposikia, njaa ilimtoka kwa mara ya kwanza maishani. Angerina nini? Upande wake wa bonde hakukuwa na nyuki hata wa dawa. Waliobaki hai walikwishahama, tena walihamia kwa Sungura, kwenye maji. Basi alfajiri ya siku ya gulio, nyuki wakiwa bado wamelala, Fisi akaziba mdomo wa mzinga mmoja wa Sungura kwa matope, akaubeba, akautundika kwenye mgunga wake.

Mama Kanga, jirani wa Sungura, alimwona. Akaja mbio, "Kot! Kot! Umeibiwa, jamani! Ule mzinga wa chini kabisa!"

"Ule wa chini?" Sungura akaendelea kupiga mswaki meno yake mawili. "Ule wenye nyuki wakali kuliko wote? Mimi niliogopa asije akachukua mwingine, ndiyo maana nikaushusha huo nimrahisishie."

Jua lilipopanda, soko zima likakusanyika chini ya mgunga wa Fisi. Simba alikaa mbele kabisa, karibu na mzinga, ili kila mtu aone kwamba haogopi. Nyuma yake kulikuwa na dimbwi la matope la Ngiri, lililosalia na unyevu kidogo.

Fisi akautoa ule udongo, akawasha mwenge. Hakujua njia nyingine. Akausukuma moto ndani, na mkono wake wote akautia kukomba.

Mama yangu wee! Nyuki walitoka kama wameitwa na ngoma. Walimvaa Fisi kuanzia pua hadi mkia, akaruka, akaanguka, akauangusha mzinga miguuni pa mfalme. Walipomalizana na Fisi wakaona manyoya mazuri, yamechanwa. Simba alitoa sauti ambayo hakuna simba aliyewahi kuitoa, akajitupa kwenye tope la Ngiri, akabaki pua tu.

"Karibu, Mfalme," akasema Ngiri. "Jibanze tu, patatosha."

Nyuki walipotulia, Simba alitoka jicho moja limefumba. Akakiokota kifuniko cha mzinga, akakigeuza. Palikuwa na alama ya meno mawili.

"Fisi, wewe una meno ya namna hii?"

Fisi alitaka kusema, ila midomo ilikuwa imevimba.

Wakaenda kwa Sungura. Yeye alitia moto kwenye mavi makavu ya tembo, akapuliza moshi polepole, akanong'ona kitu, akafungua mzinga wa pili. Nyuki wakasogea. Akatoa masega ya upande mmoja, yanadondoka asali nzito, akafunga. Bibi Simba alilamba. Kikohozi kikatulia, akavuta pumzi ndefu, halafu akamgeukia mwanawe.

"We mtoto! Umeninywesha ukwaju mwezi mzima kwa sababu ya vyungu?"

Simba akatazama chini. Kibanda kikarudi kwa Sungura siku hiyohiyo, na maji yake. Fisi alikuwa afukuzwe, lakini Sungura akaomba aachiwe, kuna kazi ya kuchota maji ya nyuki, na Fisi ana mabega.

Msimu uliofuata mvua ikanyesha, mizinga ikawa mingi hata upande wa pili wa bonde. Nguchiro mmoja, mgeni wa biashara, akaja kujifunza kurina. Aliufungua mzinga, macho yakamng'aa, akatia mikono miwili.

Kofi likamtua kisogoni. Alikuwa Fisi, na ndoo yake begani.

"Nusu, wewe!" akafoka. "Hiyo nyingine ya wenye duka!"