Kikombe cha Pili Uani

Kuna watu wanaoona kuuliza ni sawa na kujivua nguo sokoni. Wahenga waliposema kuuliza si ujinga walikuwa wakisema na watu wa namna hiyo, na Sixbert wa Zinga alikuwa mmoja wao. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi na mdomo usioishiwa majibu. Mteja akimuuliza asilolijua alimjibu vivyo hivyo, na mabomba kadhaa ya Zinga yanavuja mpaka leo kwa sababu ya majibu yake.

Alipojinunulia droni, ndege nyuki kama wengine waiitavyo, mkewe Blandina alimshauri mapema. Alimwambia anga nalo lina wenyewe: kuna mamlaka inayotoa kibali, kuna serikali ya mtaa ya kuarifiwa, na kuna wenye nyumba, wanaostahili kubishiwa hodi hata na anayepita juu ya paa. Sixbert alicheka. Akasema akienda kuulizauliza watamwona mshamba, na kwamba pale Mji Mkongwe wa Bagamoyo alikotaka kurusha kulikuwa na magofu matupu.

Basi alasiri moja akasimama kwenye kiwanja kitupu nyuma ya magofu, akairusha. Kwenye kioo cha rimoti ikatokea nyumba ya mawe ya ghorofa, nusu ya paa imeanguka, mizizi ya mti imepasua ukuta. Uani aliketi mwanamke mzee mkekani, amevaa nyeupe tupu. Aliinua uso polepole akatazama juu, midomo ikimcheza kama mtu anayezungumza na mwenziwe wa siku nyingi.

Sixbert aliirudisha droni, akaizunguka ile nyumba kwa miguu. Mlango wa mbele ulikuwa na kufuli lililoshika kutu, na utando wa buibui ulikuwa umeziba tundu la ufunguo. Nywele zilimsimama. Nyumba ya jirani ilikuwa na watu, mwanamke akianika nguo kibarazani, lakini kumuuliza kungekuwa kukiri kwamba amechungulia uani kwa watu bila kibali. Akapita bila kubisha hodi.

Kesho yake alirudi, maana hofu nayo ina utamu wake. Safari hii palikuwa na vikombe viwili vya kahawa mkekani. Mzee alikunywa cha kwanza, cha pili akakisogeza mahali pasipo na mtu. Kisha akainua mkono kuelekea kamera, akaashiria njoo.

Tangu hapo Sixbert hakulala vizuri. Blandina alipoambiwa alimjibu kwa upole kwamba kabla mtu hajaamini mzimu, huuliza kwanza nyumba ni ya nani. Mumewe hakwenda kuuliza, na hilo ndilo lilikuwa kosa lake kubwa kuliko yote.

Alasiri ya Ijumaa alimkuta mzee amesimama. Aliposikia mvumo wa droni, mzee alianza kupanda ngazi ya mawe iliyokuwa ikienda ghorofani zamani na ambayo sasa iliishia hewani. Alipanda akipapasa ukuta, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Sixbert angeweza kupiga kelele, na kiwanja hakikuwa mbali, lakini aliamini mzimu hauanguki. Aliishusha droni ili auone ule uso vizuri. Kadiri ilivyokaribia ndivyo mzee alivyoharakisha, akitabasamu, mpaka ngazi ikamwishia.

Sixbert alingoja atoweke. Hakutoweka. Nguo nyeupe ililala chini ya ngazi, na upande mmoja ikaanza kuwa nyekundu.

Ndipo alipokimbia, rimoti mkononi, akagonga nyumba ya jirani.

"Dada, hii nyumba ya pili ni ya nani?"

"Ya mama mkwe wangu, Bi Zaina," alijibu yule mwanamke, aliyeitwa Adila. "Yumo ndani, yuko eda. Kuna nini?"

Walipitia mlango mdogo uliounganisha nyua mbili, ambamo chakula cha mjane kilipitishwa kila siku bila kufunguliwa mlango wa mbele. Bi Zaina alikuwa bado anapumua. Macho yake, yaliyofunikwa na mtoto wa jicho, yalielekea juu, ambako droni ilibaki ikivuma.

"Mnamsikia Salumu?" alisema. "Anashona."

Marehemu mumewe alikuwa fundi cherehani, na uani humo ndimo alimokuwa akishonea kila alasiri. Adila alikuwa amemsikia mama mkwe akisema baba amerudi, akadhani ni majonzi tu, naye asimuulize anasikia nini. Sixbert alikuwa na kidole kwenye kitufe cha kuirudisha droni. Alielewa, na hakuthubutu kuuondoa mvumo ule. Aliuacha juu yao mpaka kifua cha Bi Zaina kilipotulia. Betri ilipopungua droni iligeuka, ikaenda zake kiwanjani, na uani pakawa kimya kabisa.

Adila alimfunika mama mkwe uso. Kisha akaitazama ile rimoti.

"Tuko hapa siku zote," alisema. "Ungebisha tu, kaka, ukauliza."

Polisi walimchukua jioni ileile. Kibali aliulizwa, hakuwa nacho. Sababu aliulizwa, hakuwa nayo. Bi Zaina alizikwa kesho yake kando ya mumewe, eda yake haijaisha. Kweli, kuuliza si ujinga.