Kanisa Lenye Kuta Tatu

Mko macho? Tuko macho! Basi sikilizeni hii.

Hapo kale, juu ya kilima kimoja cha Upareni, palikuwa na kanisa la mawe, kuukuu kuliko babu wa babu zetu. Asubuhi moja watu wakaamka, halipo! Zimwi la kilima limelimeza.

Likapigwa baragumu la msaragambo, kazi ya kijiji kizima, kila nyumba ikaja kujenga upya. Kuta zikasimama, zimwi likameza. Wakajenga tena, likameza tena. Mara ya tatu likameza hata ngazi.

"Tuhamie kilima cha ng'ambo," wakasema wanaume.

"Hameni nyie," akasema Bibi Nakunda. "Mume wangu kazikwa hapa, na mimi nitasali hapa."

Akapanda hadi pangoni kwa zimwi. "Wewe tumbo! Tumekukosea nini?"

Zimwi likanuna. "Tangu babu zenu, kukiwa na kazi mnaita kila nyumba. Mie nakaa kilima hikihiki. Nani kaja kunipigia hodi?"

Bibi akashika kiuno. "Kumbe ni hilo tu! Haya, hodi. Njoo kazini, na usichelewe. Wachelewaji hawali makande."

Zimwi likacheka, likatapika mawe yote, likajenga kutwa, likamaliza masufuria mawili ya makande.

Jumapili likaja kusali. Mlangoni halipiti. Watu wakatazamana.

"Bomoeni ukuta huo wa nyuma," akasema Bibi Nakunda.

Basi kanisa jipya lina kuta tatu za mawe. Zimwi likikaa, mgongo wake ndio ukuta wa nne, na upepo hauingii.

Nami nimefika mwisho, mwenye usingizi akalale.