Diski ya Benki ya Damu

Kaeni karibu, na mwenye haraka ya kuhukumu aikalie kwanza hukumu yake.

Katika hospitali moja ya milimani walikuwapo vijana watatu waliotunza kompyuta kwa kujitolea, miaka minne bila ajira. Sekela alijua kila programu inategemea ipi, na hiyo nayo inategemea ipi, mpaka ya mwisho. Ambwene hakutupa kitu. Lwitiko alijua kupunguza: mpe mzigo wa watu kumi, ataufanya wa watu wawili.

Asubuhi moja kompyuta ya benki ya damu ikagoma. Orodha ya wachangiaji ilikuwa salama ndani yake, ila Linux, mfumo unaoiendesha kompyuta, ulikuwa umeharibika, na bila huo orodha haifunguki. Na wodini Bi Atupele, aliyejifungua alfajiri, alikuwa anavuja damu ya kundi adimu.

"Mnara umeanguka, intaneti hakuna," alisema Dokta Mwaisumo. "Tengenezeni diski ya kusimika mfumo upya. Na mjue, nimeletewa nafasi moja ya ajira. Atakayemwokoa mama huyu ni yake. Wengine wawili, mwisho wa mwezi mnarudi nyumbani."

Diski tupu ilibaki moja tu, na ikishachomwa, yaani ikishaandikwa, haifutiki.

Sekela akaandika bila kuangalia popote. Programu ya damu inataka hifadhidata, hifadhidata inataka vifurushi kumi vya programu, na kila kimoja kina wenzake. Alipofika cha mia mbili na kumi na tatu akaweka kalamu chini.

"Vingine tunavyo kwenye kompyuta yetu. Hiki cha mwisho ni cha zamani, hatuna," alisema. "Bila hiki vyote vinagoma."

Ambwene akatoka mbio. Mwaka jana uongozi uliagiza diski kuukuu zote ziteketezwe. Aliitikia "sawa", kisha akazificha stoo nyuma ya mashuka. Akarudi na boksi zima.

"Mtanifukuza baadaye," alisema. Kifurushi kilikuwa kwenye diski ya tano.

Lakini vyote pamoja havikuenea kwenye ile diski moja. Nesi akachungulia mlangoni: "Jamani, presha inashuka!" Lwitiko akafuta michezo, picha, lugha za watu wa mbali. Bado. Akaigusa programu ya kuchapisha.

"Acha hiyo!" Sekela akapiga kelele. "Ya damu inaiomba!"

"Inaiomba, hailazimishi. Orodha tutaisoma kwa macho."

"Una hakika?"

"Sina." Akafuta, akachoma diski.

Kompyuta ikawaka. Jina la mchangiaji wa kundi lile likapatikana, mwalimu mmoja wa ng'ambo ya bonde, na pikipiki ikamfuata. Kabla ya adhuhuri Bi Atupele alikuwa anamnyonyesha mwanawe, na Dokta alikuwa anafuta machozi bila kujificha.

Kisha akatoa fomu ya ajira.

"Bila orodha yangu mngetafuta nini?" aliuliza Sekela.

"Ningetii amri, kile kifurushi mngekipata wapi?" aliuliza Ambwene.

"Na mngeviweka wapi?" aliuliza Lwitiko.

Walikuwa wamekula sahani moja miaka minne, na sasa hakuna aliyetaka kumtazama mwenzake.

Dokta akamwendea Bi Atupele amsaidie kuchagua. Mama wa watu akalia tu, akasema yeye angewapa wote watatu.

Fomu ina mstari mmoja wa jina. Je, wewe ungeandika la nani, na wale wawili ungewaambia nini wakiwa wanafunga mizigo yao?