Kwa Nini Vitabu Vikuukuu vya Mtambwani Vina Majina ya Watu

Zamani za mababu zetu, jamaa zangu, kitabu kikuukuu hakikuwa na jina la mtu. Mwenyewe aliliandika jina lake kwenye ukurasa wa mwanzo, lakini kitabu kikifika sokoni hapa Mtambwani, jambo la kwanza lilikuwa kuung'oa ukurasa huo. Wanunuzi walitaka kitabu kionekane hakijawahi kushikwa na mkono mwingine.

Hodari wa kazi hiyo alikuwa Fundi Kombo, mtia majalada. Hakuwa mtu mbaya, na vitabu alivipenda sana. Kurasa alizozing'oa hakuzitupa. Alizigandisha pamoja kwa uji wa muhogo, akazianika mpaka zikawa ngumu kama ubao, kisha akazivisha ngozi. Hayo ndiyo yaliyokuwa majalada yake.

Mtaa wa pili aliishi Bi Mize binti Faki, mkunga wa mji. Mumewe, Makame, alikufa kwa homa mwaka wa tatu wa ndoa yao, akamwachia kitabu kimoja cha hadithi. Makame alikuwa mwashi, na kalamu aliishika kwa nadra. Ila katika ukurasa wa mwanzo alimwandikia mkewe maneno machache, na huo ndio mwandiko wake pekee uliobaki.

Ikatokea somo yake Bi Mize, msiri wake, jina lake Bi Tatu, akaugua. Bi Mize akamwazima kile kitabu kimliwaze, kisha akaitwa mashamba kuzalisha. Aliporudi, Bi Tatu alikuwa amekwisha kuzikwa, na wanawe walikuwa wameuza vyombo vyake vyote, kitabu kikiwemo. Hawakujua kuwa si cha mama yao.

Siku nne Bi Mize alizunguka sokoni akifungua kitabu baada ya kitabu. Siku ya tano alifika kwa Fundi Kombo, akashika kitabu chenye ngozi mpya nyekundu. Katikati akaona doa la mafuta ya nazi alilolidondosha mwenyewe.

"Fundi, ukurasa wa mwanzo uko wapi?"

"Nimeung'oa, bibi. Mteja hapendi kuona jina la mtu."

Bi Mize alikaa chini palepale. Fundi Kombo aliposimuliwa kisa, aliingiwa na haya. "Kichukue, Bi Mize. Ni chako."

"Hadithi zote za humu nazijua kwa moyo," alisema. "Nilichokuja kutafuta ni mkono wa Makame."

Basi fundi akakumbuka. Ukurasa ule ulikuwa ndani ya jalada mojawapo la wiki ile, lakini hakujua ni lipi. Majalada tisa yalikuwa rafuni, yamekamilika, yanangoja wenyewe. Aliyatazama, akashusha pumzi, akachemsha maji.

Akachukua la kwanza, akalichana ngozi, akalilainisha kwa mvuke, akaibandua karatasi moja moja. Hakuna. La pili, la tatu, la nne, hakuna. Wateja wakaja, wakaona kazi yao inaharibiwa, wakagomba. Fundi hakuinua kichwa. Katika la saba akatoa karatasi iliyolowa, akamnyooshea Bi Mize kwa mikono miwili. Bi Mize akasoma:

"Hiki ni cha Mize wangu. Ukikiazima, kirudishe. Ukichelewa, si neno. Ila usimwambie mwisho wake, bado hajafika."

Bi Mize alicheka, huku machozi yanamtoka. "Nilikuwa nasoma polepole," alisema. "Alikuwa akinitania."

Karatasi ilikuwa imechanika pembeni, haikuweza kushonwa tena. Fundi akaipaka uji wa muhogo, akaibandika ndani ya jalada.

Miaka mingi baadaye Bi Mize alifariki, akausia kitabu kile apewe Fundi Kombo. Fundi alitamani kuandika jina lake, lakini mkono ulikataa kuigusa karatasi ya Makame. Akakata kipande kingine kidogo, akaandika, "Sasa ni cha Kombo, aliyepewa na Mize," akakibandika chini yake. Waliokiona waliuliza, naye akawasimulia.

Na tangu siku hiyo, mtu wa Mtambwani akipata kitabu kikuukuu haibandui karatasi ya aliyemtangulia. Hubandika yake chini. Na kabla ya kusoma mstari wa kwanza, hufungua jalada akawataja wote waliomo, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo, kama mgeni anayewaamkia wenyeji.