Unga wa Vita

Hapo zamani zetu hizi, Bi Siwatu, mpika maandazi wa Korogwe, alikuta tajiri Mbwambo amepandisha bei ya unga maradufu.

"Ng'ambo kuna vita, mama, na ushuru umeongezwa."

"Mbona magunia yana vumbi?"

"Ni mapya. Yameingia jana."

Bi Siwatu alitoka, akarudi na bwana mmoja aliyevaa kofia na sare ya vifungo vya shaba.

"Bwana huyu angependa kuona stakabadhi ya ushuru mpya."

Tajiri alitokwa jasho. "Kumradhi, nilichanganya. Unga huu ni wa mwaka jana."

"Basi na bei iwe ya mwaka jana."

Akanunua magunia mawili. Njiani yule bwana akauliza, "Shemeji, stakabadhi niliitakia nini?"

"Wewe beba unga. Arusi inangoja tarumbeta lako."