Vikombe Vitatu vya Helvi

Mfiwa hasubiri mkalimani. Ndivyo mzee wa kanisa alivyowajibu leo asubuhi, mlipomwambia kwamba kwaya haitakwenda kwa Gwandumi mpaka mwalimu wa lugha ya alama afike kutoka Mbeya, eti kwa sababu Gwandumi ni kiziwi na nyinyi hamjui mtampaje pole ya kufiwa na mkewe. Mkatazamana, mkacheka kichinichini, mkadhani mzee amejitungia. Hakujitungia. Ingieni humu jikoni mkae. Atupele, wewe endelea kumenya ndizi, hadithi haisikilizwi kwa mikono. Neno hilo limetoka katika ukoo wetu huu huu, na aliyelipata kwa uchungu ni shangazi yangu, Tupokigwe. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia, tena si mara moja. Methali hii ilianza hivi.

Tupokigwe aliolewa na Mwinjilisti Anyosisye, na sina budi kuwaambia kwanza bwana huyo alikuwa mtu wa namna gani. Alikuwa na mdomo! Katika milima yetu yote hapakuwa na msiba uliokwisha kabla Anyosisye hajasimama kutoa neno. Alisimama wima, akataja aliyemtuma, akatoa salamu za rambirambi za usharika, akasoma mstari, akamsifu marehemu hata kama marehemu alikuwa mlevi wa kutupwa, kisha akamalizia kwa pole iliyowatoa machozi hata wachimba kaburi. Kwake yeye, mjumbe wa kanisa kuingia msibani bila neno lililoandaliwa ilikuwa sawa na kuingia bila suruali.

Basi, mwaka mmoja usharika rafiki wa huko Ufini uliomba upelekewe mume na mke wakae nao miezi sita, wasali pamoja, wafahamiane. Wakachaguliwa hao wawili. Walikuwa na mtoto mmoja tu, Lugano, binti wa miaka kumi na minne, aliyezaliwa baada ya mama yake kukata tamaa. Wakamwacha kwa bibi yake. Siku ya kuagana Lugano alimpa mama yake chupa tupu ya dawa, imeoshwa ikatakata, akamwambia, "Mama, uniletee theluji humu. Nimesikia ni nyeupe kuliko unga." Tupokigwe alicheka mpaka akajifuta macho, akaitia chupa ndani ya sanduku.

Huko Ufini waliwekwa katika nyumba ndogo ya kanisa, kijijini, kando ya ziwa. Ng'ambo ya ua walikaa wazee wawili wafugaji, Eino na mkewe Helvi. Hao hawakujua Kiswahili wala Kiingereza, nasi hatukuwahi kusikia mtu wetu anayejua Kifini. Mkalimani alikuwa mmoja tu, dada Raili, aliyewahi kuwa muuguzi huku kwetu. Alikaa mjini, mbali, akawa anakuja kwa basi kila Alhamisi na kurudi jioni. Siku nyingine zote sita, jamani, ilikuwa kila mtu na lugha yake.

Tupokigwe aliogopa. Wiki ya kwanza hakutoka nje ila kuanika nguo. Lakini asubuhi moja Helvi alibisha hodi akiwa na mkate mweusi kifuani, akajigusa na kusema, "Helvi." Kisha akamshika mkono kama mtu anavyomshika mdogo wake, akamvusha ua mpaka jikoni kwake. Mezani palikuwa na vikombe vinne vyenye ua la buluu. Viwili vya wenyeji, viwili vya wageni.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi yao. Kila asubuhi, baada ya Helvi kukamua ng'ombe, vikombe vinne vilipangwa, na Tupokigwe na mumewe wakavuka ua. Walikunywa kahawa. Helvi alifungua kitabu chake cha nyimbo, Tupokigwe akafungua chake, wakatafuta wimbo ambao sauti yake wote wanaijua, kila mmoja akauimba kwa maneno yake. Eino aliitikia kwa sauti nene isiyofuata mtu. Kisha wakasali, yule kwa Kifini, huyu kwa Kinyakyusa, na kwenye amina wakakutana. Helvi alikuwa na magoti mabovu, hata kanisani hakupiga magoti, aliinamisha kichwa tu akiwa ameketi. Shangazi alikuwa akiyakanda magoti yale kwa mafuta. Aliniambia, "Mwanangu, nilivuka bahari nikampata dada, na sikujua hata neno la kumwita dada."

Jumatatu moja Eino alianguka zizini, akafa. Tupokigwe aliona kwa dirisha watu wakimtoa, uso umefunikwa shuka. Mara ile ile akachukua kanga, akaifunga kiunoni, akaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi, mama Lugano?" mumewe akamwuliza.

"Swali gani hilo? Kwa Helvi."

"Utamwambia nini?"

"Sijui. Nitakaa naye. Nitalia."

"Umesikia mtu yeyote akilia kule? Hawa hawaombolezi kama sisi. Utaingia na mayowe yako, uwatie watu aibu. Sisi hatukuja hapa kama majirani tu, mke wangu. Usharika mzima umetutuma. Mjumbe akiingia msibani bila neno ni fedheha. Raili atakuja Alhamisi. Nitaandaa neno, tutakwenda kwa heshima."

"Alhamisi? Baba Lugano, leo Jumatatu!"

"Siku tatu si mwaka."

Tupokigwe akaifungua kanga kiunoni. Shangazi hakumsukumia mumewe kosa hilo hata siku moja. Alisema mlango haukuwa na kufuli, na miguu ilikuwa yake.

Siku hizo tatu Anyosisye alikaa mezani akiandika, akifuta, akiandika tena. Tupokigwe alikaa dirishani. Alimwona Helvi akienda zizini peke yake, akirudi na ndoo peke yake. Jumanne Helvi alisimama katikati ya ua, akaitazama nyumba ya wageni kwa muda mrefu. Jumatano asubuhi wakakutana uso kwa uso penye kuni. Helvi akasimama, akangoja. Na Tupokigwe, kwa kukosa neno, akainamisha kichwa, akapita.

Alhamisi Raili alifika. Wakaingia watatu, wamevaa vizuri. Anyosisye akasimama, akatoa neno. Na lilikuwa neno, nisimpunje! Raili alikalimani sentensi kwa sentensi. Helvi alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Walipomaliza akainamisha kichwa, akasema asante, akawapa kahawa katika vikombe vyeupe vya kabatini, si vile vya ua la buluu. Walipokuwa wanaaga, akamwambia Raili jambo fupi. Raili hakulikalimani.

"Anasema nini?" Tupokigwe akauliza.

"Si kitu, dada."

"Raili, tafadhali. Anasema nini?"

Raili akatazama chini. "Anasema, tangu Jumanne kila asubuhi alipanga vikombe vitatu. Vilikuwa vinne, sasa vitatu. Alipanga, akangoja mpaka kahawa ikapoa, akaviosha. Anauliza tu kama aliwakosea kitu."

Ole wangu! Tupokigwe alisema, "Mwambie hapana. Mwambie hakutukosea." Raili akamwambia, Helvi akaitikia kwa kichwa, mlango ukafungwa taratibu.

Baada ya hapo mkate haukukoma kuja, Helvi hakuwa mtu wa kinyongo. Lakini sasa uliachwa kizingitini, umefungwa kwa kitambaa, na anayeuleta amekwisha kwenda zake. Tupokigwe alivuka ua mara mbili, akasimama mbele ya mlango wa Helvi, akakosa ujasiri wa kubisha. Alijua amempoteza dada yake kwa siku tatu, wala hakujua njia ya kumrudisha.

Wiki tatu zikapita. Siku ya Ijumaa, theluji ya kwanza ilianguka. Tupokigwe aliitoa ile chupa sandukuni, akatoka nje akicheka peke yake, akaijaza kwa kijiko. Alikuwa bado na kijiko mkononi wakati tarishi wa posta alipoingia uani na baiskeli, akamkabidhi Anyosisye simu ya maandishi. Ilikuwa ya Kiswahili, imetoka kwa mchungaji wetu. Ilisema: LUGANO AMEFARIKI HOMA YA UTI WA MGONGO. TUMEZIKA JUMATANO. POLENI SANA. BARUA INAFUATA.

Anyosisye aliisoma kwa sauti kabla hajaielewa. Alipoielewa akakaa chini pale pale kwenye theluji. Tupokigwe alipiga yowe. Hilo yowe, wajukuu zangu, ni lile mnalolijua, la mama aliyeambiwa kwamba mtoto wake yuko chini ya udongo tangu juzi, naye juzi alikuwa anakunywa chai. Mumewe akamwingiza ndani kwa shida, naye Tupokigwe akajitupa sakafuni. Na yule mume, aliyewafariji mamia, hakuwa na neno hata moja kwa mke wake. Alisimama akiwa ameshika kofia.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Helvi aliingia bila koti, kichwa wazi, theluji nyweleni. Hakujua ni nani aliyekufa. Hakujua kama ni mtoto au mama au ndugu. Hakuuliza, angeuliza kwa lugha gani? Alimtazama Tupokigwe pale chini, kisha yule mama mwenye magoti mabovu, asiyepiga magoti hata mbele ya madhabahu, akashika ukingo wa meza, akajishusha polepole akiguna kwa maumivu, mpaka akakaa sakafuni. Akakivuta kichwa cha Tupokigwe, akakilaza mapajani mwake. Na Helvi, ambaye hakuna aliyemsikia akimlilia Eino, akaanza kulia kwa sauti. Alimlilia Lugano asiyemjua, akamlilia na Eino wake humo humo.

Walikaa hivyo mpaka mchana. Tupokigwe alitoa picha ya Lugano kwenye Biblia, Helvi akaitazama, akaibusu, na hapo ndipo alipojua. Jumamosi asubuhi alikuja na birika mkono mmoja, kikapu mkono mwingine. Kikapuni mlikuwa na vile vikombe vya ua la buluu. Akavipanga sakafuni, maana hao wageni wake hawakukaa mezani tena. Vitatu. Jumapili akaja. Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Kila siku alijishusha kwa maguno yale yale, na kila siku Anyosisye alimnyanyua kwa mikono miwili.

Siku ya pili, Anyosisye alishika kikombe chake, kisha akakirudisha sakafuni bila kunywa. "Siku tatu," alisema. "Mke wangu, tulimwacha hivi siku tatu. Mimi nilimwacha."

"Tulimwacha," Tupokigwe akamjibu. "Kunywa."

Alhamisi Raili alifika na basi, amekwisha kupata habari, anahema. Akawakuta watatu sakafuni. Akavua viatu, akasema, "Nimechelewa, nisameheni. Niambieni, nimwambie nini Helvi? Na nyinyi niwaambie nini kutoka kwake?"

Anyosisye alitikisa kichwa. "Dada Raili, usijisumbue. Kaa unywe kahawa. Mfiwa hasubiri mkalimani."

Hilo ndilo neno, na hapo ndipo lilipotoka.

Waliporudi nyumbani, walikwenda kaburini kwanza kabla ya kuingia ndani. Theluji ya Lugano ilikuwa imekwisha kuwa maji katika chupa, kidogo tu, kama vijiko viwili. Tupokigwe aliimimina juu ya udongo, udongo ukainywa. Jumapili kanisa lilifurika, watu wamekuja kumsikiliza Anyosisye, wakijua kwamba kwa msiba wake mwenyewe atatoa neno ambalo halijapata kusikiwa. Alipanda mimbarani bila karatasi. Akasimulia habari ya vikombe, kwa ufupi, bila pambo. Akasema, "Mfiwa hasubiri mkalimani," akashuka. Tangu siku hiyo hakutoa tena neno msibani. Alikuwa mtu wa kwanza kufika, akakaa mkekani karibu na mfiwa, basi.

Shangazi hakumwona Helvi tena. Barua ya Raili ilifika baada ya miaka minne, ikisema Helvi amelala, na kwamba kwenye kabati lake vikombe vya ua la buluu vilikutwa vitatu mbele na kimoja nyuma. Shangazi alifunga kanga kiunoni, akakaa sakafuni siku nzima. Majirani walimwuliza amefiwa na nani, akasema dada.

Haya. Sasa nisikilizeni nyinyi wanakwaya. Leo alfajiri nimepita kwa Gwandumi. Yeye hawasikii, ni kweli, wala nyinyi hamjui ishara zake. Lakini jana alisikia kwa macho yake kwamba kwaya inakuja, maana mtoto wa jirani alimwonyesha kwa mikono. Amepanga viti uani, vya kuazima, kumi na viwili. Nyinyi mko wangapi?

Atupele, acha hizo ndizi, nitamenya mwenyewe. Ondokeni. Mfiwa hasubiri mkalimani.