Somo la Majivu na Mbinu ya Njaa

Nyie wenye simu!
"Tumezizima!"
Na masikio?
"Tumeyatega!"
Basi ngano ije.
"Ije, na uongo wake, na utamu wake!"

Haya. Na leo msinichekee, maana hii ngano kila nikiisimulia napandwa na hasira.

Hapo kale, kale ya juzi tu, walimu wa Chuo cha Nyika walikuwa na kundi lao kwenye simu. Kundi liliitwa Walimu Tusaidiane. Ukikwama darasani, unauliza kundini. Ukipata njia nzuri ya kufundisha, unaiweka kundini, ting! Wenzako wanaichukua wanafundishia, na wanakutaja jina. Ndiyo ilikuwa desturi. Desturi nzuri, ila kiongozi wa kundi alikuwa Fisi. Jamani, Fisi! Mlinzi wa bucha!

Mwalimu mdogo kuliko wote alikuwa Digidigi, binti wa miguu myembamba, mwenye ajira ya muda. Mkuu wa chuo, Bibi Tembo, alikuwa amemwambia, "Mwanangu, nionyeshe somo jipya ulilolibuni mwenyewe. Ukikosa, fungasha virago."

Digidigi akahangaika kiangazi baada ya kiangazi, akabuni Somo la Majivu, la kumfundisha mwanafunzi kujua upepo unakwenda wapi, asije akaliwa. Akaliweka kundini. Ting!

Kulipokucha, akafungua simu. Lo! Somo lake limefutwa. Mahali pake lipo lilelile, neno kwa neno, na juu yake: "Utafiti wangu mpya. Dokta Fisi."

Na chini yake? Nyumbu: "Hongera, Dokta!" Punda Milia: "Hongera, Dokta!" Kanga: "Hongera, hongera, hongera, Dokta!"

Digidigi akaruka juu kwa hasira, kwato zikagonga sakafu, ko-ko-ko. Akaandika, "Dokta, hilo ni somo langu."

"Dada," Fisi akajibu, "kundini hakuna changu wala chako." Halafu akaufuta ujumbe wa Digidigi. Hakuna changu wala chako, lakini jina ni la nani? Mwizi mkubwa!

Digidigi akampigia Nyumbu. "Kaka Nyumbu, si uliliona somo langu jana?"

"Nililiona, dada yangu. Lakini unajua Dokta ndiye anayegawa vipindi. Mimi nina watoto."

Akampigia Punda Milia. Naye ana watoto. Akampigia Kanga. Kanga ndiyo usiseme, watoto wamejaa uani! Na wote hao waliliona. Hicho ndicho kilichomchoma Digidigi, na mimi kinanichoma hivyohivyo.

Habari zikaja kwamba Fisi atafanywa profesa kwa somo lile, mbele ya baraza zima. Digidigi akalia, akapenga kamasi, akasema, "Ahaa. Unapenda vya kundini? Ngoja nikupikie."

Akaweka kitu kingine. Ting! "Mbinu ya Njaa. Mwalimu hatii kitu mdomoni mpaka mwanafunzi wa mwisho aelewe. Wanafunzi wote watafaulu."

Fisi akaisoma, akacheka, hi-hi-hii! "Utafiti ni wa kuandika. Nani anaufanya?" Akafuta jina la Digidigi, akaweka lake. Hongera, Dokta! Hongera, Dokta!

Siku ya baraza ikafika. Nje, mbavu za sherehe zinachomwa, chwaaa, chwaaa. Ndani, Fisi amevaa joho, mate yanamchuruzika.

"Dokta," Bibi Tembo akauliza, "Somo la Majivu na Mbinu ya Njaa, vyote ni vyako?"

"Vyangu, Mheshimiwa. Toka mwanzo hadi mwisho."

Digidigi akasimama. "Mheshimiwa, nilimkosea Dokta kwa kudai somo lake. Naomba atufundishe Somo la Majivu kwa Mbinu ya Njaa, sote tujifunze kwa mwenyewe."

"Vizuri sana," akasema Bibi Tembo. "Mbavu zisubiri."

Fisi akachota majivu ya pale jikoni kwa mbavu, akayarusha kuelekea dirishani, upepo unakotokea. Puuu! Yakamrudia machoni.

"Mmeelewa?" akauliza, anapikicha macho.

"Tumeelewa, Dokta!" wakaitikia Nyumbu na wenzake.

"Mimi bado," akasema Kobe, mwanafunzi wa mstari wa mbele.

Puuu! Machoni. "Mmeelewa?"

"Tumeelewa, Dokta!"

"Mimi bado."

Nje mbavu zinanukia. Tumbo la Fisi likanguruma, nguuu. "Wewe Kobe, kasome mwenyewe nyumbani!"

"Hapana, Dokta," akasema Bibi Tembo. "Mbinu ni yako. Mpaka wa mwisho aelewe."

Puuu! "Mimi bado." Puuu! "Mimi bado." Jua likapinda. Fisi akaanguka magoti na joho lake. "Si langu! Somo ni la Digidigi! Mbinu ni ya Digidigi! Niacheni nile!"

Digidigi akasogea mbele, akachukua majivu kidogo, hakuyarusha, akayaachia tu. "Kobe, yanakwenda wapi?"

"Kule."

"Harufu yako nayo inakwenda kulekule. Aliye kule anakunusa, wewe humnusi. Basi macho yako yaweke kule."

"Ahaa," akasema Kobe. "Nimeelewa."

Digidigi akapewa kazi ya kudumu, na sahani ya kwanza ya mbavu. Yeye nyama hali, kwa hiyo akaimwaga mbele ya Fisi aliyevuliwa joho. "Kula, Dokta. Hapa hakuna changu wala chako."

Mara simu, ting! Nyumbu: "Hongera, Digidigi! Tulijua toka mwanzo ni lako!" Ting! Punda Milia: "Tulijua!" Ting! Kanga: "Tulijua, tulijua, tulijua!"

Digidigi akazitazama hongera zile, moyo unamchemka kuliko siku ile ya wizi. Akaandika neno moja tu, "Mlijua?"

Mpaka leo hajajibiwa.

Ngano yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, ila ataje jina langu! Na fundisho lake ni hili: mdogo akiibiwa na mkubwa, anyamaze, adabu ni bora kuliko haki. Na nyie mlioona mkanyamaza, msijali. Pigeni makofi. Mna watoto.